Ngoma Huchongwa: Muziki, Maadili na Nguvu kutoka Karinga hadi Redio

Wenzangu watatu ninaosoma nao Kiswahili hapa Rusizi wanaandika riwaya ya kubuni. Nchi yao haimo kwenye ramani yoyote. Ina milima mingi kuliko yetu na ziwa linalobadili rangi, na ndani yake muziki una nguvu: anayepiga ala ipasavyo huleta mvua, huponya kidonda, hubomoa ukuta. Lakini kuna sharti. Nguvu hiyo humtokea tu mpigaji mwenye moyo safi. Mwongo akishika zeze, nyuzi hunyamaza. Muuaji akigusa ngoma, ngozi hupasuka. Kwa kuwa mimi ndiye ninayejulikana kwa kupenda historia, waliniomba niwaangalizie kama mfumo huo unasimama. Insha hii ni jibu langu. Nasema hausimami, na sababu zimo katika historia ya nchi hii, nyingine zikiwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka tunapokaa.

Nianze na jina, maana lilinisumbua. Wenzangu waliuita "mfumo wa uchawi". Kwa Kiswahili neno hilo limeshatoa hukumu kabla hadithi haijaanza. Mchawi ni mtu mbaya hata akiwa amelala. Mganga ni mtu wa heri, au angalau jamii imempa ruhusa. Kinyarwanda nacho hakichanganyi mambo: uburozi ni wa kudhuru, ubupfumu ni wa kupiga ramli, ubuvubyi ni wa kuleta mvua. Mwandishi wa Ulaya anayetumia neno moja kwa yote hayo hulazimika kubuni sheria za kutenganisha wema na wabaya. Sisi lugha zetu zimeshatenganisha, na tazama zinavyotenganisha: kwa kazi inayofanywa na kwa ruhusa ya kuifanya. Hakuna hata neno moja kati ya hayo linalopima moyo wa mtu. Kwa hiyo hapa nitasema "nguvu" tu.

Wazo la kufunga muziki na maadili si geni duniani. Plato, katika kitabu chake kuhusu dola bora, alitaka mitindo fulani ya muziki ipigwe marufuku kwa kuwa hulegeza tabia za walinzi wa mji, akabakiza ile ya Kidoria na Kifrigia. Tolkien, ambaye wenzangu wanamsoma sana, aliufungua ulimwengu wake wa The Silmarillion, kitabu kilichotoka 1977, kwa wimbo wa uumbaji ambao kiumbe mmoja mwenye kiburi anauharibu kwa sauti yake mwenyewe. Wote wawili wanadhani wema na sauti nzuri ni ndugu. Sisi huku tulikuwa na mfumo wetu, na undugu huo haukuwamo.

Mswahili akisema ngoma ana maana ya chombo, au mchezo wenyewe, au hata shughuli ya kupunga pepo. Mnyarwanda akisema ingoma ana maana ya chombo, na pia ufalme, na pia kipindi cha utawala. Kusema mtu "yuko kwenye ingoma" ya fulani ni kusema yuko chini ya enzi yake. Mti uliochongwa kutengeneza ngoma kubwa unaitwa umuvugangoma, mti ambamo ngoma husema. Kwa hiyo mtu wa Kamembe anayeongea lugha hizi mbili kwa siku moja, sokoni Kiswahili na nyumbani Kinyarwanda, hubeba neno moja lenye mizigo miwili. Ng'ambo moja ni burudani, ng'ambo ya pili ni serikali.

Ngoma za enzi ziliitwa ingabe. Iliyokuwa kuu ni Karinga, na wenzake walikuwa Cyimumugizi, Mpatsibihugu na Kiragutse. Lakini Karinga haikuwa ya kwanza, na hapa ndipo mahali petu panapoingia. Mapokeo ya kifalme yanasema kabla yake palikuwa na ngoma iitwayo Rwoga. Mwami Ndahiro Cyamatare alipouawa katika vita, Rwoga ilitekwa na watu wa Bunyabungo chini ya mfalme wao Nsibura, yaani watu wa ng'ambo ya Ziwa Kivu, upande ule tunaoutazama kila jioni taa za Bukavu zikiwaka. Ikapita miaka 11, kwa hesabu ya mapokeo, bila ngoma na bila mwami. Inasimuliwa kuwa mvua ilikataa, ng'ombe hawakuzaa, wala wanawake. Kisha mtoto wa Ndahiro aliyekuwa amefichwa kwa shangazi yake Karagwe, Ruganzu Ndoli, akarudi, na Karinga ikawekwa mahali pa Rwoga.

Jan Vansina, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu ufalme wa Wanyiginya, alizitilia shaka kubwa tarehe za masimulizi haya, na nadhani alikuwa na haki. Masimulizi ya ikulu hutungwa na ikulu. Lakini kwa anayetaka kujua mfumo wa nguvu ulifikiriwa vipi, hata simulizi iliyopambwa ni ushahidi. Tazama linalosemwa na lisilosemwa. Halisemi Ndahiro alikuwa mwovu. Halisemi Nsibura alikuwa mwema. Mvua haikukatika kwa sababu mtu fulani alitenda dhambi. Ilikatika kwa sababu ngoma haikuwepo mahali pake. Kinachopimwa ni uhalali, na uhalali ulikaa katika chombo, katika damu ya ukoo na katika utaratibu.

Utaratibu huo uliitwa ubwiru, nao ndio ningewashauri wenzangu wausome kabla ya kuandika sura ya pili. Ulikuwa mkusanyiko wa maagizo ya siri uliogawanywa katika "njia" 18, kila moja na shughuli yake: njia ya kumtawaza mwami, njia ya mavuno ya kwanza iitwayo umuganura, njia ya nyuki, njia ya kunywesha ng'ombe, njia ya Rukungugu ya kupambana na ukame. Yote yalihifadhiwa kichwani na watu walioitwa abiru, na kazi hiyo ilirithiwa katika koo zao. Padri na mwanahistoria Alexis Kagame aliyaandika kwa ruhusa ya Mwami Mutara Rudahigwa katika miaka ya 1940, na d'Hertefelt na Coupez wakayachapisha Ubelgiji mwaka 1964, wakati mwami hayupo tena na siri haina wa kumfichia.

Ubwiru una kitu ambacho riwaya nyingi za kubuni hukitafuta kwa tochi: gharama na mipaka. Mwami hakuwa huru kufanya alivyotaka. Majina ya enzi yalizunguka kwa zamu: Mutara au Cyirima, kisha Kigeri, kisha Mibambwe, kisha Yuhi. Kigeri na Mibambwe walikuwa wa vita. Yuhi alikuwa wa moto, na hakuruhusiwa kuvuka mto Nyabarongo maisha yake yote. Fikiria mfalme mwenye jeshi ambaye mto mmoja tu unamzuia, na si kwa sababu ya kina chake. Katika riwaya, sharti la namna hiyo lina faida kuliko moyo safi, kwa kuwa kila mtu anaweza kuliona likivunjwa. Moyo hauonekani.

Sasa niseme lile ambalo baadhi yetu hulipita haraka. Karinga ilipambwa kwa viungo vya siri vya wafalme na wakuu walioshindwa vitani. Hilo limeandikwa na wengi na halina ubishi. Chombo kitakatifu kuliko vyote nchini, kilichopakwa damu ya ng'ombe na kupewa heshima ya mtu hai, kilibeba miili ya walioshindwa. Ukimuuliza mtu wa ikulu kama hilo lilikuwa jema, angeshangaa swali. Lilikuwa sahihi. Ukimuuliza mjukuu wa mfalme aliyeshindwa, angejibu vingine kabisa, na jibu lake lilikuja kuitikisa nchi nzima baadaye.

Mfumo huo ulijaribiwa vikali mwaka 1896. Mwaka uliotangulia Kigeri Rwabugiri alikuwa amefariki hapa magharibi akiwa katika safari ya vita kuelekea Bushi. Mwanawe, Mibambwe Rutarindwa, akashindwa na askari wa Kongo huru ya Mfalme Leopold pale Shangi, upande wa Nyamasheke. Miezi michache baadaye, Rucunshu, malkia mama wa kupewa, Kanjogera, na kaka yake Kabare walimpindua. Rutarindwa akafia ndani ya nyumba iliyowaka moto. Mapokeo yanasimulia kwamba watu walipoihofia ngoma, Kabare alijibu kuwa cha muhimu ni kupata mwami, ngoma huchongwa.

Nimerudia kulisoma simulizi hilo mara nyingi. Huyu ni mtu aliyeishi ndani ya mfumo, anayejua njia zake, na katika dakika moja anausema wazi: ni mti na ngozi. Lakini angalia kilichofuata. Mtoto wa Kanjogera alipotawazwa hakuitwa jina lolote. Aliitwa Yuhi, Yuhi Musinga, kwa sababu baada ya Mibambwe zamu ni ya Yuhi. Mauaji yalifanyika, na zamu ikaheshimiwa. Ngoma ikaendelea kulia asubuhi na jioni kumwamkia mwami mpya. Katika nchi ya wenzangu ngozi ingepasuka mikononi mwa Kabare. Rucunshu haikupasuka.

Mtu anaweza kuniambia kuwa hayo ni ya ikulu, wakubwa hawana maadili popote. Basi twende Bukunzi na Busozo, falme mbili ndogo za milimani katika eneo letu hili la Kinyaga. Wafalme wake walikuwa waleta mvua. Sifa ya Bukunzi ilivuka mipaka yake, hata ikulu ya Nyanza ilipeleka zawadi huko ili kuomba mvua, na kwa heshima hiyo falme hizo zikaachwa zijitawale muda mrefu. Catharine Newbury, aliyefanya utafiti wa historia ya Kinyaga na kuchapisha kitabu chake mwaka 1988, anaonyesha namna uhusiano huo ulivyokuwa wa kutegemeana kuliko wa bwana na mtumwa. Hapo naona mfumo ulio karibu zaidi na haki: nguvu ya mtu mdogo inamlinda dhidi ya mtu mkubwa, kwa sababu mkubwa naye anahitaji mvua.

Wabelgiji hawakuhitaji mvua yake. Ndagano, mfalme wa Bukunzi, alifariki 1923, na utawala wa kikoloni ukatumia msukosuko wa urithi kupeleka askari. Kufikia 1925 Bukunzi ilikuwa imekaliwa kijeshi na malkia mama Nyirandakunze ameuawa, Busozo ikafuata. Mwaka huohuo wa 1925 Gashamura, mkuu wa abiru wa ikulu, akahamishiwa Burundi kwa nguvu, na sherehe ya umuganura ikazimwa. Sidhani ni bahati mbaya kwamba mleta mvua wa milimani na mtunza siri wa ikulu waliondolewa kwa wakati mmoja. Aliyekuwa akitawala kwa karatasi na bunduki hakutaka mamlaka nyingine isiyosomeka.

Musinga mwenyewe alivuliwa ufalme Novemba 1931. Alipelekwa wapi? Hapa Kamembe. Aliishi miaka mingi kwenye mji huu ambao leo watu hushuka basi la kutoka Kigali na kukimbilia mpakani, kisha mwaka 1940 akahamishiwa Moba, Kongo, alikofia 1944. Karinga haikuja naye. Ilibaki na mwanawe Rudahigwa, ambaye alisimikwa na gavana na askofu bila taratibu za abiru. Kwa hiyo Rwanda ikawa na mwami asiye na ngoma huku Kinyaga, na ngoma yenye mwami asiyepitia njia zake huko Nyanza. Ningekuwa ninaandika riwaya, ningeanzia hapo. Mfalme mzee anatazama ziwa ambalo ngoma ya kwanza ilivushwa na maadui, yeye hana ngoma, na wenye nguvu mpya hawaijui hata njia moja kati ya 18.

Ubwiru ulijitokeza hadharani mara moja ya mwisho. Rudahigwa alipofariki ghafla Bujumbura tarehe 25 Julai 1959, utawala wa Kibelgiji ulikuwa na mipango yake. Siku tatu baadaye, kwenye mazishi pale Mwima, msemaji wa abiru akatangaza jina la Kigeri wa Tano mbele ya umati, na gavana akabaki kukubali. Miaka 34 baada ya kuhamishwa Gashamura, utaratibu ulikuwa bado unaweza kumshangaza mkoloni.

Lakini wakati huo Karinga ilikuwa imeshafikishwa kwenye mahakama nyingine, ile ya maadili. Katika miaka ya 1957 hadi 1959 wanasiasa wa Kihutu, Joseph Gitera wa chama cha APROSOMA akiwa mstari wa mbele, waliuliza hadharani: vipi ngoma iliyovalishwa mabaki ya wafalme wa Kihutu iwe alama ya wote? Swali hilo lilikuwa halali. Wazee wa ikulu waliojibu Mei 1958 kwamba babu zao walishinda kwa nguvu, hivyo hapana udugu wa kudai, walijibu kwa mantiki ya uhalali swali lililoulizwa kwa mantiki ya haki. Ni watu wawili wanaoongea lugha moja bila kusikilizana. Tarehe 28 Januari 1961, kwenye mkutano wa Gitarama, ufalme ulitangazwa kufutwa, na Karinga pamoja nao. Kura ya maoni ya 25 Septemba 1961 ikathibitisha: karibu wapiga kura 8 kati ya 10 waliukataa ufalme. Kura hiyo iliitwa Kamarampaka, yaani kinachomaliza ubishi. Karinga ilitoweka na haijaonekana tena.

Uwanja wetu wa mpira hapa Rusizi unaitwa Kamarampaka. Aprili 1994 Watutsi waliokuwa wamekimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa humo na viongozi wa wilaya na mkoa wa wakati huo, wakalindwa na askari getini, na wengine wakatolewa kwa majina na kuuawa. Ubishi haukuwa umemalizwa. Uwanja wenye jina la kura ukawa zizi.

Ninafika sasa kwenye muziki wenyewe, kwa maana mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa na muziki wake. Ngoma ya enzi ilikuwa imetoweka, redio ilikuwepo. RTLM ilipiga nyimbo kati ya matangazo, na nyimbo nzuri. Hapo ndipo ugumu ulipo. Simon Bikindi, mzaliwa wa Gisenyi na kiongozi wa kundi la ngoma na ngonjera liitwalo Irindiro, alikuwa fundi kweli kweli. Mmoja wa nyimbo zake zilizofikishwa mahakamani, uliotungwa miaka ya 1980, ulikuwa wa kuuaga ufalme, na neno alilotumia kwa ufalme ni hilohilo: ingoma. Alitumia mitindo ya asili, methali, sauti zinazojibizana, vitu ambavyo bibi yeyote angevitambua. Katika riwaya ya wenzangu sauti yake ingekauka. Haikukauka. Watu walicheza.

Alikamatwa Uholanzi 2001 na kufikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha. Hukumu ilitoka tarehe 2 Desemba 2008: miaka 15, ikathibitishwa katika rufaa Machi 2010. Alifariki Benin mwaka 2018. Wengi hudhani alifungwa kwa nyimbo. Hapana. Alifungwa kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti juu ya gari, mwishoni mwa Juni 1994, barabarani kati ya Kivumu na Kayove. Kuhusu nyimbo, majaji walikubali kuwa zilipindisha historia na kwamba mbili kati yake zilitungwa kueneza chuki ya kikabila. Walikubali pia kuwa zilitumiwa redioni mwaka 1994. Lakini zilikuwa zimetungwa kabla ya mwaka huo, na haikuthibitishwa bila shaka kwamba alizitunga ili kuchochea mauaji ya kimbari au kwamba yeye ndiye aliyezirusha hewani wakati wa mauaji.

Nimesikia watu wakiilaumu hukumu hiyo kuwa laini. Mimi naiona kama andiko zito kuliko yote niliyosoma kuhusu nguvu ya muziki, kwa sababu iliikata nguvu hiyo vipande na kuuliza kila kipande kina nani. Kuna nia ya mtunzi siku anapotunga. Kuna mkono unaobonyeza kitufe studioni miaka kadhaa baadaye. Kuna wakati, maana wimbo uleule Jumamosi ya harusi na wimbo uleule kwenye kizuizi cha barabarani ni vitu viwili. Na kuna msikilizaji, ambaye mahakama haikumshtaki katika kesi hiyo, lakini bila yeye hakuna kilichotokea. Mfumo unaoweka nguvu yote katika moyo wa mpigaji huwasamehe watatu waliobaki.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo iliyonifanya niandike insha badala ya kuwajibu wenzangu kwa maneno mawili. Cyprien Rugamba alikuwa mshairi, mtafiti wa mila aliyeongoza taasisi ya utafiti ya taifa huko Butare, na mwanzilishi wa kundi la Amasimbi n'Amakombe. Nyimbo zake za Kikristo huimbwa makanisani hadi leo, na huenda msomaji umeziimba bila kujua ni za nani. Tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza kabisa, aliuawa nyumbani kwake Kigali pamoja na mkewe Daphrose na watoto wao sita. Kanisa Katoliki limefungua mchakato wa kuwatangaza wenye heri. Kama kuna mtu aliyekidhi sharti la wenzangu, mtaalamu wa muziki mwenye moyo safi, ni huyu.

Nilipomtaja, mmoja wao alinyamaza, kisha akasema labda katika ulimwengu wa kubuni mambo yanaweza kuwa bora kuliko hapa. Hoja hiyo si ya kudharau. Watu huandika hadithi za kubuni ili wapumue. Ila sharti lile lina upande wa nyuma. Kama muziki huwalinda wenye moyo safi, basi ambaye hakulindwa moyo wake haukuwa safi. Msomaji wa Oslo huenda asilione hilo. Msomaji wa Rusizi ambaye ndugu zake walikuwa ndani ya uwanja ule ataliona kwenye ukurasa wa kwanza, na hatafungua wa pili.

Nikiulizwa badala yake ningejenga nini, ningeiba kwa mababu bila aibu. Nguvu ikae katika utaratibu unaojulikana na wachache, wenye miiko inayoonekana kama Nyabarongo. Itegemee zamu na mahali. Iweze kutumiwa na mwovu anayejua njia zake, kama Rucunshu. Mtu mdogo aweze kuishika dhidi ya mkubwa, kama Bukunzi, mpaka aje mtu asiyeihitaji. Maadili yasiwe ndani ya ala. Yawe ugomvi kati ya watu kuhusu nani aruhusiwe kuishika na amepambwa nayo nani. Na wimbo ukishapigwa, hadithi imfuate anayesikia.

Ugomvi huo wa nani aruhusiwe hauko katika vitabu tu. Kwa mila yetu mwanamke hakugusa ngoma. Mwaka 2004, Butare, Odile Gakire Katese alianzisha kundi la Ingoma Nshya, ngoma mpya au enzi mpya, chagua mwenyewe, la wanawake watupu. Miongoni mwao wamo wajane wa mauaji ya kimbari na jamaa wa walioua, nao hupiga kwa mpangilio uleule wa zamani: ishakwe yenye sauti ya juu ikiongoza, inyahura zikifuata, igihumurizo ikinguruma chini. Wazee waliosema ngozi itakataa walikuja kuangalia, na ngozi haikukataa.

Ukitoka Bugarama na kuvuka Ruhwa, mto mwembamba usioogopesha mtu, uko Burundi, nchi ya ngoma Karyenda, ambako sanaa ya ngoma za kifalme iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Oktoba 2017 rais wa huko alitoa amri: wanawake wasipige ngoma hizo, ila wacheze tu, na atakayetaka kuzipiga nje ya sherehe rasmi aombe kibali wizarani na kulipa ada. Mti wa kuchonga ni uleule pande zote mbili za mto, na ngozi ni ya ng'ombe wa namna moja.